Goli Letu la Muyinga

Nimestaafu. Ofisi ilinifanyia sherehe ndogo yenye soda na karanga, nikapewa saa kubwa ya ukutani, zawadi ambayo mtu hupewa siku ile ile anapoacha kuhitaji kujua ni saa ngapi. Ninyi vijana wa habari na utamaduni mliobaki na vipaza sauti vyepesi vya kuchomeka ukutani, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Naandika. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka. Vyeo nilivyopata vinatosha kwenye nusu mstari, na mshahara wangu mlikuwa mnauona kwenye viatu.

Nilianza kazi Biharamulo, pale pale kwenye boma la Wajerumani, nikiwa msaidizi wa gari la matangazo. Gari lilikuwa Landrover kuukuu yenye spika mbili za bati juu ya paa na jenereta nyuma iliyonguruma kuliko spika zenyewe. Dereva na mwalimu wangu alikuwa Mzee Saidi, Mwislamu wa hapo hapo mjini, mtu wa maneno machache na tambuu nyingi. Serikali ndiyo iliyomiliki gari, lakini gari lenyewe lilimtii Mzee Saidi peke yake.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa sokoni kutangaza chanjo ya ng'ombe. Nilikuwa nimelala na tangazo mkononi, nimelikariri mpaka koma zake. Nikasimama juu ya boneti, nikashika maikrofoni, nikasoma kwa madaha mwanzo hadi mwisho. Watu walinitazama, wengine wakatikisa vichwa. Nilipomaliza, Mzee Saidi akatoa kichwa dirishani.

"Umesoma vizuri sana, bwana mdogo," akasema. "Sasa washa swichi, usome tena."

Nikawasha, nikasoma tena, safari hii jasho likinitoka. Msukuma mmoja mwenye ng'ombe, aliyekuwa amesimama karibu na gari mara zote mbili, alinifuata baadaye kunipa pole. Akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Mzee Saidi alinifundisha yote niliyojua. Jenereta huwekwa upande ambao upepo unakwenda, si unakotoka, la sivyo utatangaza huku unakohoa. Maikrofoni hufungwa leso wakati wa vumbi. Betri hunyweshwa maji safi, na mtangazaji asinyweshwe chochote na mtu yeyote mpaka amalize kazi. Juu ya hayo yote kulikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila tulipokabidhiwa tangazo jipya.

"Kipaza sauti hakina maoni," alisema. "Maoni anayo aliyeandika tangazo. Ukianza kuweka ya kwako, utakwenda kuyamalizia rumande."

Baada ya miaka michache tulihamishiwa Ngara, mimi, yeye na gari letu. Ngara ni vilima. Ukielekeza spika kilima hiki, wanaosikia ni watu wa kilima cha pili, nao hukupungia mikono kana kwamba wamekubali. Huko watu wakaniita Kipaza, na jina langu la ubatizo likabaki kwa padri. Huko huko ndiko niliposoma matangazo magumu kuliko yote niliyowahi kushika, yale ya kuhamia vijiji vya ujamaa.

Msinielewe vibaya. Wazo lilikuwa zuri. Watu wakae pamoja, wapate shule, zahanati na bomba la maji. Lakini Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, hakai na watu, anakaa na migomba. Nyumba yake imo ndani ya migomba, na baba yake amezikwa humo humo. Sasa tukaja sisi na spika za bati kumwambia atoke bondeni apande barabarani, kwenye changarawe, akajenge kwenye mistari iliyonyooka. Mistari ilinyooka kweli. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sikusikia mtu akililalamikia.

Kule Mbuba, mama mmoja mjane alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea dirishani mwa gari. Tulikuja kumwita Mama Gervas, kwa jina la mwanawe wa pekee.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kwamba nyumba inahama. Na baba yake Gervas aliyelala pale kwenye migomba, anahama naye?"

Nikatazama karatasi. Halikuwemo neno lolote kuhusu marehemu.

"Mama, tangazo halijasema."

"Basi rudi ukaliulize," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

Mzee Saidi akatia gia tukaondoka. Mama Gervas akahamishwa pamoja na wenzake. Kutoka mlango wake mpya wa barabarani aliiona migomba yake kule chini, majani makavu yakining'inia bila mtu wa kuyakata, na magugu yakipanda juu ya kaburi la mumewe. Amri ilikuwa kwamba shamba la zamani halikaliwi na wala hamna kulala huko. Kila nilipopita na gari, aliniuliza kama nimekwisha kuliuliza lile tangazo. Nilicheka, naye alicheka, lakini yeye alikuwa hatanii.

Sasa niingie kwenye mpira. Viongozi wetu na wale wa ng'ambo walikubaliana kuwe na kombe la vilabu vya mpakani, vya kwetu, vya Burundi na vya Rwanda, kwa ajili ya kujenga ujirani mwema. Ujirani mwema wenyewe ulikuwepo tangu enzi za mababu. Watu walikuwa wakioana, wakiuziana ng'ombe na kuvuka Mto Ruvubu na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kumuuliza mtu. Lakini serikali haitambui jambo mpaka liwekewe kombe, hotuba na mgeni rasmi.

Timu yetu iliitwa Umoja wa Jembe. Kipa wake alikuwa mchinjaji wa nyama, mtu aliyedaka mpira kana kwamba utatoroka kurudi zizini. Kocha alikuwa Mwalimu Paskali wa shule ya msingi, mpole, aliyefundisha mpira kwa chaki ubaoni na kuwaadhibu wachezaji kwa kuwaandikisha sentensi. Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Kulikuwa na goli la juu na goli la chini, na mpira ukitoka nje upande wa chini, mechi ilisimama mpaka urudishwe kutoka bondeni. Mshambuliaji alikuwa Gervas, mwana wa yule mama wa Mbuba. Kijana mwembamba, mkimya, mwenye nyayo pana. Viatu alivaa, lakini kwa heshima ya refa tu.

Mwenyekiti wa kamati ya timu alikuwa bwana mkubwa mmoja aliyekuwa pia mstari wa mbele katika kuhamisha watu. Jina lake nalihifadhi, maana ana wajukuu, na wajukuu wake wana hasira za karibu. Yeye mwenyewe hakuhama. Shamba lake la migomba lilikuwa bondeni kama la wengine, tena kubwa, lakini lilipokaguliwa likaonekana kwamba tayari ni kijiji. Alipenda maikrofoni kuliko mimi niliyelipwa kwa ajili yake. Ukimkabidhi, ilibidi uitafute baadaye.

Mnaweza kustaajabu, lakini Umoja wa Jembe ikaingia fainali. Tulikuwa tucheze na timu kutoka Muyinga, kule Burundi, mechi mbili, ya kwanza kwao na ya marudiano kwetu, kisha magoli yajumlishwe. Siku ya kuwaaga wachezaji Mwenyekiti akashika maikrofoni yangu mbele ya watu wote.

"Yule atakayetuletea kombe," akanguruma, "na aombe anachotaka! Narudia, anachotaka!"

Alitegemea kuombwa baiskeli, au pengine blanketi. Gervas, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu hata habari za asubuhi, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mzee, nikilileta kombe, mama yangu arudi kwenye migomba yake. Arudi kukaa. Alale kule."

Mwenyekiti akatazama watu, watu wakamtazama. Maikrofoni ilikuwa wazi na spika zilikuwa zimeelekezwa Mbuba.

"Kombe likifika," akasema, "mama anarudi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Gervas hakupiga. Aliniambia baadaye kwamba yeye vigelegele vyake anaviweka akiba.

Tulikwenda Muyinga kwa lori la kubebea pamba. Spika zangu zilizuiwa mpakani, walinzi wakidhani ni mizinga, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani nilitazama mpira nikiwa mtu wa kawaida. Muyinga walikuwa wazuri. Walitufunga la kwanza tukiwa bado tunastaajabia uwanja ulio tambarare. Wakatufunga la pili kwa kona. Mchinjaji wetu akaanza kulia. Kisha, kipindi cha pili kikielekea ukingoni, Gervas akapokea mpira kwa kifua, akamzunguka beki mmoja, akamfanya wa pili akae chini, akaupiga. Ukaingia. Tukafungwa mbili kwa moja, tukashangilia kana kwamba tumeshinda. Wenyeji walidhani hatujui kuhesabu.

Katibu wa timu yao, mzee mmoja nadhifu aliyeitwa Bwana Salvatori, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha wafanyabiashara wa Bujumbura, alinifuata kwenye lori akanishika mkono.

"Hilo goli lenu ni zito," akaniambia. "Ninyi mmefunga kwetu. Mtalihitaji."

Tukarudi kujiandaa na marudiano. Marudiano hayakuja. Nduli, yule dikteta wa nchi jirani, alivuka mpaka kule kaskazini mwa mkoa wetu, vita ikaanza, na malori ya pamba, ya kahawa na hata la misheni yakachukuliwa kubeba askari. Gari letu nalo likawa la vita. Nilitangaza kuzima taa, nikatangaza kuchangia ng'ombe, nikatangaza mgambo wajitokeze. Gervas akajitokeza. Karibu nusu ya Umoja wa Jembe ikajitokeza, na mchinjaji wetu akawekwa jikoni, mahali ambapo Mungu alikusudia awe tangu mwanzo.

Sina mzaha na vita ile. Vijana walikwenda kwa miguu yao, tena wakiimba, na wengine hawakurudi. Lakini kuna tangazo moja nililolisoma siku hizo ambalo bado linanikwama kooni. Lilisema kila kaya ichange ndizi kwa ajili ya askari, na kwamba wenye mashamba ya zamani wanaruhusiwa kushuka bondeni kukata mikungu. Migomba iliyokatazwa kukaliwa haikukatazwa kuliwa. Mama Gervas alishuka, akapalilia kaburi la mumewe, akapanda na mikungu kichwani, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyuma ya gari letu pakajaa.

"Mwanangu yuko huko," akasema akifuta jasho. "Labda ataijua ladha."

Vita ikaisha. Gervas akarudi mzima wa viungo, ila mizinga ilikuwa imemziba sikio la kushoto. Ukimsemesha upande huo, alitabasamu tu na kuendelea na shughuli zake. Hakuhadithia vita. Jambo la kwanza alilomuuliza Mwalimu Paskali lilikuwa ni lini tutacheza na Muyinga.

Bwana Salvatori akavuka mto kuja kupanga marudiano, na kamati ikakutana. Mimi niliitwa kuweka maikrofoni chumbani, chumba ambacho mtu akipiga chafya kila mmoja alimtakia afya. Mwenyekiti hakuweza kuongoza kikao bila maikrofoni. Kwa hiyo haya ninayowaeleza niliyasikia mara mbili, mara moja kutoka mdomoni na mara ya pili kutoka kwenye spika.

Bwana Salvatori akakumbusha kanuni. Kama magoli ya mechi mbili yakilingana, kombe linakwenda kwa aliyefunga mengi zaidi ugenini.

"Maana yake," akauliza Mwenyekiti, "goli la ugenini ni kubwa kuliko la nyumbani?"

"Yakilingana, ndiyo. Hivyo ndivyo wanavyofanya hata Ulaya."

"Ulaya gani? Ya mabepari?"

"Zote mbili, Bwana Mwenyekiti. Hata ile ya wajamaa."

Hilo lilimsumbua kidogo, lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusumbuliwa muda mrefu. Akasimama.

"Ndugu zangu, mkulima wa Mbuba akivuna debe la maharage, na mkulima wa Biharamulo akavuna debe la maharage, je, kuna debe lenye cheo? Goli ni goli! Sisi tumepinga unyonyaji mashambani, tumeupinga viwandani, na leo tuuruhusu uwanjani? Katika wilaya hii magoli yote ni sawa!"

Wajumbe wakapiga makofi. Walikuwa wamezoea kupiga makofi kila sauti yake ilipopanda, bila kujali imepandia nini.

Mwalimu Paskali akanyanyuka polepole. "Mwenyekiti, kwa heshima zote. Sisi ndio tuliofunga kwao. Wao hawajafunga kwetu. Hii kanuni inatubeba sisi."

"Mwalimu, unataka tushinde kwa upendeleo?"

"Nataka tushinde, mzee."

"Kaa chini."

Mwalimu akakaa. Bwana Salvatori alikuwa anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, kama mtu aliyekuja kuazima jembe akaanza kukabidhiwa shamba.

"Bwana Mwenyekiti," akasema taratibu, maana alikuwa mtu mwungwana, "mnajua mnachonipa?"

"Tunakupa haki."

"Basi nashukuru. Na yakilingana tufanye nini? Tupige penalti?"

"Penalti ni kamari," akasema Mwenyekiti. "Yakilingana, tutagawana kombe. Nusu mwaka kwenu, nusu mwaka kwetu. Huo ndio ujamaa wa kimataifa."

Mikono ikanyooshwa. Wajumbe wote, isipokuwa Mwalimu Paskali aliyekuwa ghafla anafunga kamba za viatu. Nilimtazama Mzee Saidi mlangoni, naye akanikumbusha kwa midomo tu, bila sauti, kwamba kipaza sauti hakina maoni. Nilikuwa nayo mengi siku hiyo, tena mengine hayaandikiki hata sasa.

Siku ya marudiano vilima vyote vilihamia uwanjani. Refa alikuwa Mnyarwanda aliyeletwa kwa ajili ya kutopendelea, na jambo la kwanza alilolifanya ni kutembea kutoka goli la juu mpaka la chini, akasimama, akashika kiuno, akacheka. Kipindi cha kwanza Muyinga walipanda mlima na sisi tulishuka, lakini tulishuka kwa kasi iliyotupitisha kwenye mpira. Kipindi cha pili tukapanda sisi. Nilikuwa natangaza juu ya gari, koo limekauka, Mzee Saidi akinipa maji kwa kifuniko cha chupa kwa sababu kanuni ni kanuni.

Gervas akapata mpira katikati, akaanza kupanda. Wenzake wawili walikuwa wazi kabisa upande wa kushoto, wakimpigia kelele atoe pasi, watazamaji wa upande huo nao wakimpigia kelele, na Mwalimu Paskali akiruka ruka huko huko kushoto akiita jina lake. Gervas hakumsikia hata mmoja wao. Akapanda peke yake, akampita beki, akamvuta kipa, akauweka mpira kwenye pembe ya chini kama mtu anayeweka yai kwenye kiota. Sikumbuki nilitangaza nini. Watu waliniambia nililia kwenye spika, na kwamba kilio hicho kilisikika mpaka ng'ambo.

Filimbi ikapulizwa. Moja bila. Jumla, mbili kwa mbili, na sisi tulikuwa tumefunga ugenini na wao hawakufunga kwetu. Kwa kanuni ya dunia nzima, ile ya mabepari na ile ya wajamaa, Umoja wa Jembe ilikuwa bingwa. Bwana Salvatori mwenyewe, kwa mazoea, alianza kutembea kuja kutupa mkono wa pongezi. Katikati ya uwanja akakumbuka. Nilimwona akisimama, akatazama chini, akarudi zake. Alikuwa na aibu kwa niaba yetu.

Mwenyekiti akachukua maikrofoni. Akasifu vijana, akasifu usawa, akatangaza kwamba kombe limegawanywa. Kwa bahati, kombe lile lilikuwa na mfuniko. Ikaamuliwa hapo hapo kwamba Muyinga waanze zamu yao na kombe, nasi tubaki na mfuniko kama dhamana.

Ndipo Gervas akasogea. Alisimama tu mbele ya Mwenyekiti, jezi imelowa, na nyuma yake akasimama mama yake, amejifunga khanga mpya. Akiba yake ya vigelegele alikuwa nayo kifuani, nilimwona akiishika.

"Naam," akasema Mwenyekiti. "Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa kukataa deni. Lakini tuwe wakweli, ndugu zangu. Niliahidi kwa kombe. Limekuja nusu kombe. Kwa hiyo mama anaruhusiwa nusu. Mchana ashuke kwenye migomba yake, alime, apalilie, hata apike. Jioni apande, alale kijijini na wenzake."

Wajumbe wakapiga makofi. Sauti ilikuwa imepanda.

Mama Gervas hakumtazama. Alinitazama mimi. Nami nikafanya kazi yangu. Nikaichukua maikrofoni kutoka mkononi mwa Mwenyekiti kwa adabu, kama nilivyoichukua siku zote, nikaisogeza kwa yule mama. Kipaza sauti hakina maoni, kwa hiyo hakichagui wa kumsemea.

"Mzee," akasema, na sauti yake ikapanda vilima vyote, "nashukuru. Nina swali dogo. Wewe kule bondeni kwako, unalala nusu ipi?"

Kicheko kilianza kwa Muyinga, wakakidaka wetu, kikazunguka uwanja. Refa Mnyarwanda alikaa chini. Mwenyekiti akajifuta uso kwa leso, akanipa ishara nizime. Nikamjibu kwamba mashine hii, mzee, ikizimwa ghafla inaungua. Ikabidi ajibu.

"Swali zuri," akasema. "Litapelekwa kwenye kamati."

Kamati haikukutana tena. Kombe nalo halikurudi, maana zamu yetu ilipofika mpaka ulikuwa na mambo mengine. Mfuniko ulibaki mezani kwa Mwenyekiti, akautilia pini za karatasi, na kila mgeni alielezwa kwamba huo ni ubingwa.

Mama Gervas aliishika nusu yake. Asubuhi alishuka, akakata majani makavu, akasimika miti kwenye mikungu, akasafisha kaburi na kukaa kando yake akimenya ndizi. Jua likianza kuinama, mgambo wa kijiji alisimama juu ya barabara akapiga filimbi, naye akapanda. Gervas alimsindikiza chini na kumpokea juu. Mpira aliuacha. Mwalimu Paskali alimfuata mara nyingi, kwa bahati mbaya akimsemesha upande wa kushoto.

Hivyo hivyo ilikwenda, mpaka mama akazeeka na ule mlima ukawa mrefu kuliko miguu yake. Alifariki kijijini, kwenye mstari ulionyooka. Tukamshusha bondeni kwa machela, watu wa vilima vyote wakiwa nyuma, tukamlaza karibu na mumewe. Mgambo alikuja na filimbi yake shingoni, akasimama pembeni, jua likainama, likazama, na yeye hakuipuliza. Huo ndio usiku wa kwanza Mama Gervas kulala kwenye migomba yake tangu nilipomsomea tangazo.

Miaka ilipita. Mistari ikaanza kupinda. Kwanza mtu mmoja alishuka kimyakimya kukaa kwake kwa zamani, kisha jirani yake, kisha kilima kizima. Hakuna aliyewazuia na hakuna aliyewaruhusu. Wote wakarudi, wakalala na wake zao ndani ya migomba, bila kufunga goli hata moja. Mwenyekiti naye alistaafu, na kwenye mazishi yake nilikodishwa kuleta spika. Nilisoma wasifu wake kama ulivyoandikwa. Ulisema alituletea kombe.

Jenereta ya zamani nimewaachia stoo, funguo zipo kwa karani. Mzee Saidi amelala makaburi ya Waislamu Biharamulo, na kanuni yake ninawarithisha. Lakini kuna kazi moja sijaimaliza. Tangazo la kuhama nililisoma kila kijiji, tena kwa sauti. Tangazo la kurudi nililingoja maisha yangu yote ya kazi, na halikuletwa mezani mpaka napewa saa. Pengine linaandikwa. Likifika, anzeni na Mbuba, nyumba ya bondeni yenye makaburi mawili kando ya mlango. Msisimame na gari barabarani. Shukeni, na mumsomee Gervas upande wa kulia.